Nyota Moja ya Bi. Mashavu

Jamhuri ya Shwari iko mbali sana na hapa, kwa hiyo msomaji asihangaike kuchungulia dirishani. Ni nchi yenye milima ya kutosha, mvua za wastani na Wizara ya Mawasiliano na Furaha ya Watumiaji. Katika mtaa mmoja wa nchi hiyo, uitwao Bomba Refu, aliishi mjane mmoja, Bi. Mashavu binti Kheri, mkunga mstaafu aliyekuwa amewapokea duniani karibu nusu ya watu wa mtaa huo na ambaye bado aliwaita wanaume wenye mvi kwa majina yao ya utotoni.

Serikali ya Shwari iliamua kwamba kila nyumba iwe na mtandao. Ruta zikaletwa kwa gwaride, zimefunikwa bendera, na kila mwenye nyumba akapokea yake kwa mikono miwili. Jina lake rasmi lilikuwa Kisambazi cha Taifa. Watu wakamwita kobe. Wizara ilipouliza kwa nini, wakasema ni kwa sababu ya umbo, ingawa umbo lake lilikuwa kama la boksi la viatu. Wizara ikaridhika.

Sifa kubwa ya kobe ilikuwa taa yake ya kijani. Taa ile haikuzimika. Mtandao ukiwepo iliwaka, usipokuwepo iliwaka, na umeme ukikatika mtaa mzima iliendelea kuwaka kwa betri ambayo mafundi wa Wizara waliiweka kwa ajili ya taa peke yake. Waziri, Mheshimiwa Makarara, aliwaeleza wabunge kwamba taa hiyo ni mtandao wa macho, na kwamba mtandao wa vitu vingine ungefuata kwa awamu. Wabunge walipiga meza.

Bi. Mashavu hakuwa mtu wa kulalamika. Kobe wake alipogoma sebuleni alimhamishia chumbani, chumbani akagoma pia, akapelekwa jikoni, akakaa juu ya kabati la vyombo, kisha kwenye dirisha la choo, kisha stoo katikati ya magunia ya mkaa. Jirani mmoja alimshauri amfunge kichwa chini miguu juu. Mwingine akamwambia amweke ndani ya sufuria tupu, isiyo na mfuniko, iliyoelekezwa upande wa makao makuu ya Wizara. Hiyo ya sufuria ilisaidia kidogo. Ukisimama mlangoni pa stoo, ukainua simu usawa wa sikio na usiongee sana, ungeweza kupata ujumbe wa maneno, na siku ukiwa na bahati ungepata picha nusu, kuanzia juu.

Alipiga simu Kituo cha Faraja kwa Mteja. Aliyepokea alikuwa na sauti nzuri kama ya msomaji wa taarifa ya habari. Akamwambia azime kobe, asubiri, kisha awashe. Bi. Mashavu akafanya hivyo. Sauti ile ikamwuliza kama taa ya kijani inawaka. Bi. Mashavu akakubali kwamba inawaka.

"Basi mtandao upo, mama," sauti ile ikasema kwa upole. "Labda ni wewe ambaye hupo."

Bi. Mashavu alishukuru, maana ndivyo alivyolelewa, akakata simu.

Yote hayo angeyavumilia kama si Mize. Mize ni binti yake wa pekee, aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo kwenye nchi ya baridi, akaolewa huko, na sasa alikuwa mjamzito wa mtoto wa kwanza. Mama aliyezalisha watoto wa watu wote hakuweza kwenda kumzalisha wa kwake. Visa ilikataliwa kwa sababu fomu yake ilijazwa mtandaoni, na mtandaoni ilifika nusu. Kwa hiyo wakakubaliana kwamba mtoto akizaliwa tu Mize atapiga simu ya picha, na Bi. Mashavu atasimama mlangoni pa stoo na kumwona.

Simu ilipigwa asubuhi moja ya Jumapili. Bi. Mashavu alikuwa amejifunga khanga mpya kwa ajili ya tukio hilo. Akaona dari ya hospitali, akaona mkono wa muuguzi, akasikia sauti ya Mize ikisema mama, mtazame, halafu kikatokea kitu kidogo chekundu, na picha ikaganda. Kilichogandia pale kilikuwa ni mguu. Mguu wa kushoto, wenye vidole vilivyokunjika. Bi. Mashavu aliutazama mguu ule hadi simu ilipojizima.

Siku zilizofuata aliwaambia watu kwamba mjukuu wake anafanana sana na babu yake marehemu. Wakimwuliza amejuaje, alisema kisigino. Wakacheka, naye akacheka nao, akarudi ndani akakaa kwenye kigoda cha jikoni na kulia bila kelele, kwa sababu kati ya watoto wote aliowashika mikononi, wenye kulia na waliochelewa kulia, huyu ndiye wa kwanza ambaye hakujua ana uso gani.

Sasa inafaa msomaji aelezwe habari ya Mizani ya Furaha. Serikali ya Shwari ni serikali inayosikiliza. Kila mtumiaji wa kobe aliruhusiwa kutoa maoni yake kwa nyota, kuanzia moja hadi tano, na wastani wa nyota zote ulionyeshwa kwenye ubao mkubwa wa umeme juu ya jengo la Wizara ili wananchi na wageni wauone. Tangu ubao huo uzinduliwe ulisoma nyota tano. Wageni kutoka nchi jirani walikuja kujifunza. Siri ya mafanikio haya ilikuwa rahisi: maoni yalitumwa kwa kupitia kobe, na si kwa njia nyingine yoyote. Mwenye mtandao mzuri alituma maoni yake mazuri. Asiye na mtandao alihesabiwa kuwa hana neno.

Bi. Mashavu aliingia stoo jioni ile ile aliyolia, akafungua ukurasa wa maoni, akabonyeza nyota moja. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika, "Nimeona mguu tu." Hakutegemea chochote. Alikuwa ameshajaribu mara nyingi siku za nyuma kutuma mambo madogo kuliko hilo. Lakini kwa bahati mbaya ya kitaifa, wakati huo huo upepo ulisogeza gunia la mkaa, gunia likasogeza sufuria, na maoni yakaenda.

Ubao ukasoma nyota tano kasoro.

Mheshimiwa Makarara alikuwa ng'ambo, kwenye mkutano kuhusu kasi ya mtandao, uliofanyika katika hoteli yenye mtandao wa kasi. Alikatiza safari. Kikao cha dharura kilifanyika. Wengine walisema ni mkono wa maadui wa nje, wakaonyesha kwamba neno "mguu" linaweza kuwa fumbo. Wengine walisema ubao umeharibika, wakapendekeza urekebishwe uwe unaanzia tano kwenda juu. Mwishowe akatumwa mtu kwenda kuangalia, naye ni Bwana Mahimbo, Mkurugenzi Msaidizi wa Kuridhika.

Bwana Mahimbo alifika Bomba Refu na gari lenye kiyoyozi. Alikuwa mtu mwembamba, mstaarabu, aliyezoea kukaa bila kuegemea kiti. Alimwamkia Bi. Mashavu shikamoo, akapewa chai ya tangawizi, akaisifu. Kisha akauliza jambo lililomleta, ambalo halikuwa kwa nini ametoa nyota moja. Alitaka kujua amewezaje kuituma.

Bi. Mashavu akampeleka stoo, akamwonyesha sufuria. Bwana Mahimbo akatoa simu yake mwenyewe, akasimama mlangoni, akaiinua usawa wa sikio. Alisimama hivyo kwa muda mrefu. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Bi. Mashavu akamshauri apinde goti kidogo, akapinda. Hakukuja kitu. Akaitazama taa ya kijani, akairudisha simu mfukoni, akasema ameridhika kwamba mtandao upo.

Walipokaa tena sebuleni alimweleza, kwa heshima zote, kwamba nyota yake imelitia taifa simanzi, kwamba kuna mkutano wa wafadhili unakaribia, na kwamba Wizara ingefurahi sana kama angebadilisha maoni yake yakawa nyota tano. Aliongea vizuri. Bi. Mashavu alimwacha amalize, akamjazia kikombe.

"Nipe nimwone mjukuu wangu uso, mwanangu," akasema. "Siku nikimwona, nitakupa hizo tano. Mimi si mtu wa kusema uongo, wala si mtu wa kukataa haki ya mtu."

Bwana Mahimbo akarudi na jibu hilo Wizarani, na Wizara, ambayo kwa kawaida huchukua msimu mzima kujibu barua, ikachukua hatua haraka. Wiki hiyo hiyo mafundi walikuja na lori wakasimamisha mnara kwenye ua wa Bi. Mashavu, pale pale alipokuwa akianika mihogo. Ulikuwa mnara wa chuma mrefu kupita nyumba zote za mtaa. Ruta mpya ikafungwa sebuleni, kubwa, nyeusi, yenye pembe nyingi. Nenosiri lilichaguliwa na Wizara: Ahsantemheshimiwa, neno moja, bila nafasi.

Mize alipopiga simu siku hiyo, Bi. Mashavu alimwona mtoto. Alimwona uso, masikio, utosi unaodunda, na kijasho kwenye pua. Jina lake Athmani, la babu yake. Hakufanana na babu yake hata kidogo. Alipiga chafya, na Bi. Mashavu akaiona chafya ile yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukatika. Akamfundisha Mize namna ya kumshika kichwa anapomwogesha, akamkemea kwa kumvisha nguo nyingi, wakabishana kuhusu uji, na kwa muda wote huo Bi. Mashavu hakuinuka kitini hata kunywa maji, akiogopa kwamba akisogea kitu kitakatika. Hakikukatika kitu. Baadaye alitoka uani akaupapasa ule mnara kama mtu anavyompapasa ng'ombe mwenye maziwa mengi.

Siku ya pili yake alikuja jirani yake, Mwalimu Siwatu, na bakuli la kaimati za pongezi. Mwalimu Siwatu alifundisha shule ya msingi, na mumewe alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo ya kampuni ya kigeni, mtu wa kuonekana nyumbani mara chache. Kila Ijumaa jioni alipanda kwenye ngazi ya kisima, akainyoosha simu juu, na mumewe akapatikana kwa maneno mawili matatu. Walikuwa wamezoea. Walijua kuchagua maneno.

Aliketi, akatazama picha za mtoto, akamsifu. Kisha akasema, kama mtu anayeongelea hali ya hewa, kwamba jana, Ijumaa, hakumpata mumewe, na kwamba tangu mnara usimame mtaa wote hakuna anayepata hata ujumbe wa maneno. Ameulizia Kituo cha Faraja, akaambiwa mawimbi ya Bomba Refu yote yameelekezwa kwa mwananchi mmoja maalumu.

"Sikuja kukulaumu, Bi. Mashavu," akasema. "Nimefurahi umemwona mtoto. Nilitaka tu ujue, usije ukasikia kwa watu ukadhani nilikuficha."

Furaha ya Bi. Mashavu ya tangu jana ilimkaa vibaya kifuani, kama chakula alichokila huku mwenzake akimtazama. Akaomba simu ya Mwalimu Siwatu, akaweka miwani, akaandika Ahsantemheshimiwa kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akamrudishia. Mume wa Mwalimu Siwatu akatokea akiwa na aproni, akimenya viazi mahali penye mawimbi ya maji makubwa nyuma yake. Mwalimu Siwatu, ambaye alikuwa amezoea maneno mawili matatu, aliyamaliza, kisha akabaki hajui aseme nini na muda wote uliobaki. Mumewe ndiye aliyeanza kumsimulia habari za viazi. Bi. Mashavu akaenda jikoni akawaachia sebule.

Baada ya juma moja Bomba Refu nzima ilikuwa inajua nenosiri. Watu walileta mikeka na mabenchi, wakakaa kuuzunguka ukuta wa Bi. Mashavu. Fundi cherehani alihamishia cherehani yake pale. Watu waliwaona ndugu zao ambao walikuwa wamesahau jinsi wanavyozeeka. Kila aliyetaka kuungana ilimbidi kwanza aandike shukrani kwa Mheshimiwa, na Wizara ilipoona shukrani zinaongezeka ilifurahi, ikaamua kuleta sherehe ya nyota tano hapo hapo uani badala ya kumwita Bi. Mashavu ofisini.

Sherehe ilifanyika adhuhuri, Mheshimiwa asije akakosa chakula cha mchana. Lilijengwa hema, ikaja bendi ya tarumbeta, wakaja wafadhili wakiwa na kofia za kujikinga jua, na nyuma ya jukwaa ikawekwa skrini kubwa iliyoonyesha Mizani ya Furaha kama ilivyosoma wakati huo. Mheshimiwa Makarara alipanda akiwa amevaa suti ya kijani, rangi ya taa. Alisema kwamba mataifa mengine yana mtandao lakini hayana furaha, na mengine yana furaha lakini hayana takwimu, na kwamba Shwari peke yake ina vyote kwa pamoja na vinalingana. Alisema mama huyu aliteleza, kama binadamu yeyote anavyoweza kuteleza, na leo taifa linamwinua.

Wakati anaongea, jambo la kawaida lilikuwa linatokea ukutani. Mafundi wa Wizara walikuwa wameitengeneza ruta ile kwa uangalifu, na kila simu iliyoungana nayo ingeweza kufunguliwa ukurasa wa maoni, bila mwenyewe kuomba. Siku zote mtaa ule haukuwa umewahi kuuona ukurasa huo ukifunguka hadi chini. Siku hiyo, kwa heshima ya sherehe, Wizara iliufungua kwa wote mara moja. Watu wa Bomba Refu ni watu watiifu. Waliombwa maoni kuhusu kobe waliyegawiwa na serikali, aliyekuwa nyumbani kwa kila mmoja wao, nao wakayatoa.

Mizani nyuma ya Mheshimiwa ikaanza kushuka.

Ilishuka taratibu, kwa adabu. Wafadhili wakaiona, wakavua miwani ya jua. Minong'ono ikapita hemani, na Mheshimiwa, aliyeipa skrini mgongo, akaidhania ni hamasa na kuongeza sauti. Alipofika kwenye sehemu ya hotuba inayosema tumetoka mbali, mizani ilikuwa inakaribia tatu. Bwana Mahimbo akasimama mbele ya skrini na kujitanua kadiri alivyoweza, lakini alikuwa mtu mwembamba. Aliinua kidole kumwashiria kiongozi wa bendi, na bendi ikapiga wimbo wa taifa, kwa hiyo ikabidi watu wote wasimame wima na kutazama mbele, yaani kwenye skrini.

Mheshimiwa naye akageuka. Alitazama nambari ile mpaka wimbo ukaisha. Kisha, kama mtu mzoefu wa uongozi, akatabasamu na kumwomba Bi. Mashavu apande ili aiokoe siku.

Bi. Mashavu akapanda na khanga yake mpya. Hapakuwa na mtu asiyemtazama, wakiwemo wale aliowapokea duniani kwa mikono yake. Akabonyeza nyota tano bila kusita.

"Nilimwahidi kijana wenu kwamba nikimwona mjukuu wangu nitatoa tano, na nimemwona," akasema. "Huu mtandao wa kwangu unafanya kazi, Mheshimiwa. Hawa wengine msiwakasirikie. Wanasema wa kwao."

Nyota zake tano zikaingia kwenye mizani. Mizani haikutikisika. Mheshimiwa alimshika mkono, akaketi, na hakugusa pilau.

Tamko la Wizara lilitoka kesho yake, na lilikuwa la kitaalamu. Lilisema uchunguzi umethibitisha kwamba malalamiko yote yaliyowahi kupokelewa nchini yametoka mahali penye mtandao mzuri, na kwamba sehemu zisizo na mtandao hazijawahi kulalamika hata mara moja. Kwa hiyo, ili kulinda furaha ya wananchi wa Bomba Refu, mnara wao utaondolewa. Bwana Mahimbo alihamishiwa Idara ya Mvua.

Wabomoaji walikuja mchana. Msimamizi wao aliitwa Nyange, kijana mpana wa mabega, mwenye kovu kidevuni, asiyependa kuongea na watu kabla ya kuwavunjia kitu. Watu walikuwa bado wamekaa ukutani, kila mmoja na simu yake, hakuna aliyeinuka. Nyange akachukua spana kubwa, akaanza kuuzunguka mguu wa mnara akitafuta nati ya kwanza.

Bi. Mashavu alikuwa ameshaagana na Mize. Walikuwa wameongea asubuhi yote, na Athmani alilala mbele ya simu, naye akamtazama alivyolala mpaka akaona inatosha kumkumbuka kwa muda mrefu. Akatoka na sinia la chai na mihogo ya kukaanga, akaliweka kwenye kizingiti. Akamwambia Nyange kazi hiyo ni nzito, ale kwanza. Nyange akasema hawana muda. Bi. Mashavu akamwuliza mama yake yuko wapi.

Nyange akashangazwa na swali. Akasema mama yake yuko kijijini, mpakani kabisa, ng'ambo ya mto, na huko wananasa mtandao wa nchi jirani, kwa hiyo upande wa mama hakuna shida. Shida ni upande wake. Kwake kuna kobe.

"Basi msalimie kabla hujaanza," akasema Bi. Mashavu.

Nyange aliwatazama wenzake. Wenzake walikuwa wanaitazama mihogo. Akaketi kwenye kizingiti, akauliza nenosiri, akaliandika bila kucheka, kwa kuwa alikuwa kazini. Simu ikalia upande wa pili, ikapokelewa na mtu aliyeishika karibu mno na jicho. Kisha jicho likarudi nyuma na kuwa uso wa mama mzee mwenye kilemba, na mama huyo akamtazama mwanawe kutoka paji la uso hadi kola ya shati.

Mama akamwuliza yuko wapi. Nyange akasema yuko kazini.

"Ndiyo kazi gani hiyo siku hizi, mwanangu?"

Spana ilikuwa mapajani mwake.

"Ya mtandao, mama."

"Basi mnaifanya vizuri," mama yake akasema. "Nakuona mpaka kovu."